Programu za kutabiri magari mijini: zilibuniwa kuujua mji, au kuhalalisha barabara zilizokwishaamuliwa?

#1 Mzee wa Mizani
Wakuu salaam.

Kwa muda sasa nasoma historia ya hizi programu ambazo wapangaji wa miji huzitumia kukadiria barabara fulani itapitisha magari mangapi baada ya miaka ishirini. Ukifungua masterplan (mpango mkuu) yoyote ya usafiri utakuta sura nzima ya tarakimu zilizotoka humo. Nyumba zinabomolewa kwa tarakimu hizo, na mikopo inasainiwa kwa tarakimu hizo hizo.

Hoja yangu: hazikubuniwa ili kuujua mji. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya barabara kuu, maili 41,000, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Mistari ilikuwa imeshachorwa kwenye ramani. Kilichotakiwa ni hesabu ya kuonyesha kuwa barabara hizo zinahitajika na ziwe na njia ngapi za magari sambamba. Mwaka 1962 wakaongeza sharti: mji wenye watu zaidi ya 50,000 usipokuwa na utaratibu kamili wa mipango ya usafiri ifikapo Julai 1965, fedha za barabara hazipati. Kuanzia hapo kila mji ukawa unasaka programu. Mwenye fedha ndiye aliyeuliza swali, na swali lenyewe lilikuwa "tuongeze njia ngapi?"

Waliosomea mambo haya karibuni. Hoja, si matusi.

#2 Siti ya Nyuma
Naweka kambi hapa. Tiririkeni.

#3 Njiapanda ya Himo
Mleta uzi, tarehe zinakukataa. Kazi hii ilianza Detroit mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya sheria unayoitaja. Aliyeiongoza ni J. Douglas Carroll. Walipita nyumba kwa nyumba kuuliza jana ulitoka wapi, ukaenda wapi, kwa chombo gani, saa ngapi. Majibu yakatobolewa kwenye kadi, mashine zikazichambua kadi. Na hata Detroit hawakuwa wa kwanza kwenye kuhoji kaya: mwaka 1944 utaratibu huo ulikwishafanywa Tulsa, Little Rock, New Orleans na miji mingine michache. Kipya cha Carroll ni kuunganisha safari na matumizi ya ardhi. Kiwanda kinazalisha safari kiasi gani, duka kiasi gani, makazi kiasi gani. Ukijua kesho ardhi itatumikaje, unakisia safari za kesho.

Kisha akaenda Chicago, na huko ndiko kompyuta yenyewe ilipoingia. Walikuwa na IBM 704. Pia walitengenezewa na Armour Research Foundation mtambo ulioitwa Cartographatron, unasoma safari kwenye utepe wa sumaku na kuzichora moja moja kama mstari wa mwanga kwenye kioo, huku kamera ikipiga picha. Zikirundikana maelfu kwa maelfu, unauona mji wote umechorwa kwa safari za watu wake. Mtu anayetaka kuhalalisha tu barabara hajisumbui kutengeneza kitu kama hicho.

#4 BintiPwani
Kaka zangu, kabla hamjafika mbali, kuna sisi ambao si wahandisi. Hiyo programu inafanya nini hasa? Inaangalia kamera?

#5 Fundi Sanifu
@BintiPwani hapana dada, kamera hazimo kabisa. Mfumo wa zamani, ambao mpaka leo ndio uti wa mgongo, una hatua nne.

Mji unakatwa vipande vinavyoitwa kanda. Kwanza unakadiria kila kanda inatoa safari ngapi na kupokea ngapi. Pili, safari zinazotoka kanda hii zinaishia kanda zipi. Tatu, wangapi watapanda basi, wangapi gari lao, wangapi treni. Nne, kila safari inapangiwa barabara ya kupita. Mwisho unapata namba ya magari kwa kila kipande cha barabara.

Hatua ya pili ndiyo iliyoleta ubishi wa mwanzo. Alan Voorhees alipendekeza mwaka 1955 kanuni ya mvutano: kanda kubwa inavuta safari nyingi, umbali unapunguza. Morton Schneider wa Chicago akaja na yake: msafiri anazipitia fursa kuanzia iliyo karibu, na kila moja ina uwezekano fulani wa kumtosha, ikimtosha anaishia hapo. Voorhees ndiye aliyeshinda sokoni. Kanuni yake ni rahisi kueleza kwenye mkutano.

#6 Mzee wa Mizani
@Njiapanda Detroit ya 1953 haigusi hoja. Detroit ni mji wa viwanda vya magari, na kabla ya 1956 tayari barabara za kasi zilikuwa zinachimbwa katikati yake. Tofauti ni chanzo cha fedha tu.

Tena angalia kilichotokea San Francisco. Januari 1959 baraza la mji lilikataa barabara 7 kati ya 10 za kasi zilizopangwa, kwa sababu wananchi walisimama. Baada ya hapo mhandisi hawezi tena kwenda kwenye mkutano na ramani peke yake. Anahitaji kitu kisichobishika. "Kompyuta imesema" ikawa ngao. Mwananchi wa kawaida atabishana vipi na IBM 704?

#7 Kidole Juu
Wote mnasahau kwamba bila hisabati ya njia fupi hakuna programu. Hapo sifa ni za Dijkstra, yule Mholanzi wa kompyuta, 1959. Fedha na siasa zilikuja kudandia.

#8 Njiapanda ya Himo
@Kidole Juu hapo kuna mkanganyiko. Dijkstra alichapisha 1959, kweli, baada ya kuibuni 1956 kule Amsterdam kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa kompyuta ya ARMAC kwenye ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Lakini watu wa Chicago waliipata njia fupi kwingine: kwa Edward Moore wa Bell Labs, aliyeiwasilisha mwaka 1957. Shida ya Bell ilikuwa simu. Laini ya moja kwa moja ikijaa, simu ipitishwe wapi? Chicago wakabadilisha simu kuwa gari.

Kwa hiyo nakuunga mkono kwenye hisabati, ila mlango ulioingilia ni wa kampuni ya simu.

#9 Siti ya Nyuma
Njiapanda wewe kila uzi lazima uishie Chicago. Juzi tulikuwa tunaongelea bei ya nyama ukatuletea machinjio ya Chicago. Ila nondo nimezipokea.

#10 Fundi Sanifu
Hapo kwenye njia fupi ndipo pana utamu, ngoja nishuke kidogo.

Mwanzoni kila safari ilirundikwa kwenye njia fupi moja, zote au hakuna. Matokeo yake barabara moja inapewa magari isiyoweza kuyabeba, na ya jirani iko tupu. Chicago wakaanza kupakia kanda moja baada ya nyingine huku wakirekebisha muda wa barabara kadiri inavyojaa. Mwaka 1964 idara ya barabara ya serikali kuu, Bureau of Public Roads, ikatoa kanuni ambayo mpaka leo imo ndani ya programu nyingi: chukua magari ugawe kwa uwezo wa barabara, pandisha kwa kipeo cha nne, zidisha kwa 0.15, jumlisha moja, zidisha kwa muda wa barabara ikiwa tupu.

Mfano: barabara ya dakika 10 ikiwa tupu. Magari yakilingana na uwezo wake, inakuwa dakika 11.5. Yakiwa mara mbili ya uwezo, dakika 34.

Sasa jiulize: magari yatapitaje mara mbili ya uwezo wa barabara? Hayapiti. Yanapanga foleni, na foleni inarudi nyuma kuziba makutano mengine. Kanuni haina foleni ndani yake. Inakupa muda mrefu zaidi lakini magari yote yanafika. Mtu aliyekaa kwenye foleni ya Ubungo kabla ya daraja kujengwa anajua gari la Kimara linavyoweza kumzuia anayekwenda Mwenge, ingawa hawana safari moja. Kwenye kanuni hii wawili hao hawakutani.

Na ilidumu si kwa sababu wataalamu hawakuliona hilo. Ilikokoteka haraka kwenye kompyuta za wakati ule, na hesabu yake inatulia, haiyumbi. Ndiyo maana mimi nasema, @Mzee wa Mizani, uwezo wa mashine ndio uliochora umbo la programu hizi kuliko mwenye fedha. Walitabiri kile ambacho mashine iliweza kukitabiri.

#11 Kidole Juu
@Fundi Sanifu ongeza mtaalamu wa usafiri Wardrop hapo. Mwaka 1952, Uingereza, alishasema madereva wakizoea mji watafika mahali ambapo hakuna anayeweza kuokoa muda kwa kubadili njia. Beckmann, McGuire na Winsten wakaiandika kihisabati 1956. Lakini kuikokotoa kwenye mtandao halisi kulisubiri miaka ya 1970. LeBlanc aliijaribu kwenye ramani iliyorahisishwa ya Sioux Falls, makutano 24 tu, 1975, na wanafunzi wanaitumia ramani hiyo mpaka leo. Montreal kina Michael Florian wakaijenga ndani ya programu yao, EMME. Kwa hiyo nadharia ilikuwapo miaka ishirini, mashine ikachelewa. Hii inakubaliana na wewe.

#12 Jirani wa Buruburu
Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma yote. Mimi naona nyote mnaangalia wabunifu, hakuna anayeangalia wauzaji.

Miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilikuwa na mkusanyiko wake wa programu, UTPS, ukiendeshwa kwenye mashine kubwa za IBM. Zilipokuja kompyuta za mezani miaka ya 1980, kampuni zikaingia: TRANPLAN, MINUTP, TransCAD ya Caliper kule Massachusetts, EMME/2 ya Montreal. Uingereza SATURN kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Ujerumani PTV ya Karlsruhe na VISUM yake. Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, wana yao, STRADA, na ndio waliotuandalia masterplan ya usafiri ya Nairobi 2004 hadi 2006, na ya Dar iliyokamilika 2008. Programu inafika na mshauri aliyekuja na mkopo. Anapoondoka, leseni inaondoka naye, na jiji linabaki na ripoti ya PDF. Baada ya miaka mitano ukitaka kubadilisha dhana moja tu, hakuna anayeweza kuiendesha. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kuliko nani alianza.

#13 BintiPwani
@Fundi Sanifu asante, sasa naelewa. @Jirani hilo la ripoti kubaki bila programu ni zito. Hakuna njia ya kulidai kwenye mkataba?

#14 Jirani wa Buruburu
@BintiPwani ipo. Unaandika kwamba faili za mtandao, majedwali ya safari na data ghafi ya mahojiano ni mali ya jiji, na vijana wa jiji wafundishwe kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Inategemea aliyeketi upande wenu wa meza anajua kuomba nini.

#15 Mpiga Debe Mstaafu
Mimi si msomi wa haya lakini niliwahi kusimama barabarani na fomu, ajira ya muda ya kuhesabu magari. Safu zilikuwa: gari dogo, daladala, basi kubwa, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu na zaidi, pikipiki. Unachora vijiti vinne, cha tano unavikata, kila robo saa unahamia mstari mpya. Bajaji hazikuwa na safu. Msimamizi akasema ziweke kwenye gari dogo. Mwenzangu upande wa pili wa barabara aliambiwa aziweke kwenye pikipiki. Mkokoteni usiandike. Baiskeli usiandike. Watembea kwa miguu hakuna hata aliyewataja, na asubuhi ile ndio waliokuwa wengi kuliko vyote nilivyovihesabu.

Sasa nyie mnabishana kipeo cha nne. Mimi nauliza: kile kilichoingia mwanzoni nani alikikagua?

#16 Siti ya Nyuma
Mpiga Debe ametuvusha darasa zima bila nauli.

#17 Mtetezi wa Namba
Nimechelewa. Nafanya kazi hii ya modeli, yaani hizi hesabu za kutabiri safari, kwa mkate wangu, na sikubali picha inayochorwa hapa kwamba ni uongo wa kulipwa.

Chukueni BART, treni ya San Francisco iliyofunguliwa 1972. Utabiri rasmi ulikuwa kwamba ingechukua asilimia 15 ya safari za kazini. Daniel McFadden na wenzake Berkeley wakaja na njia nyingine: wakamtazama mtu mmoja mmoja, muda wake, nauli yake, kutembea kwake hadi kituoni, wakakadiria uwezekano wa yeye kuchagua treni. Walikisia asilimia 6.3. Ilipokuja kupimwa ikawa 6.2. Mwaka 2000 akapewa Nobeli ya uchumi kwa kazi yake juu ya uchaguzi wa namna hiyo. Modeli ikitengenezwa vizuri inaweza kumkatalia mwenye mradi waziwazi.

#18 Mzee wa Mizani
@Mtetezi mfano wako unanipa nguvu mimi. Utabiri rasmi ulikuwa 15, na kwa huo treni ilijengwa. Wa kweli ulitoka chuoni, kwa watu ambao hawakuwa na treni ya kuuza. Ukitaka kujua sifa za bibi harusi humuulizi mshenga.

#19 Kidole Juu
Na McFadden mwenyewe alikiri kwamba bahati ilichangia, kwa sababu makosa yalifutana. Tusiifanye hiyo 6.3 msahafu.

Kuna jambo la 1973 pia: Douglass Lee aliandika kwamba modeli kubwa za mijini zimekufa, akazihesabia dhambi saba, pamoja na kutaka kujua kila kitu kwa mpigo na kula data bila kushiba. Alizizika, lakini miaka hamsini baadaye bado tunazo.

#20 Mtetezi wa Namba
@Kidole Juu Lee alizilenga modeli za matumizi ya ardhi, zile za kukisia watu watahamia wapi. Modeli za magari hazikuwa shabaha yake kuu. Watu wengi humnukuu hivyo bila kurudi kwenye maandishi yake.

@Mzee wa Mizani umesema mshenga, sawa. Lakini tutazame takwimu. Flyvbjerg, Holm na Buhl walichapisha 2005 uchunguzi wa miradi 210 katika nchi 14. Kwa reli, miradi 9 kati ya 10 ilitabiriwa abiria wengi kupita waliofika, kwa wastani wa asilimia 106 zaidi. Kwa barabara, nusu ya miradi ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20, lakini huku na huku, juu na chini. Kama programu zingekuwa chombo cha kuhalalisha barabara tu, mbona barabara ndizo zenye afadhali?

#21 Fundi Sanifu
Kwa sababu barabara isiyolipiwa ikipanuliwa hujijaza yenyewe. Anthony Downs aliliandika 1962: kwenye saa za msongamano barabara ya kasi hujaa mpaka ifikie uwezo wake. Uingereza kamati ya serikali, SACTRA, ilikiri 1994 kwamba barabara mpya huzalisha safari mpya, baada ya M25 kuzunguka London kukamilika 1986 na kufurika mapema. Kwa hiyo utabiri wa barabara unaweza kuonekana sahihi kwa sababu barabara yenyewe imeutimiza. Reli haina bahati hiyo.

#22 Mtetezi wa Namba
Hilo linaeleza sehemu. Halielezi zile za kulipia. Sydney, handaki la Cross City lilifunguliwa Agosti 2005 likitarajiwa magari karibu 90,000 kwa siku. Yakapita karibu 30,000, na mwaka uliofuata kampuni ikawa mikononi mwa wafilisi. Hapo naona sababu ya tatu ambayo hamjaitaja: zabuni. Kampuni nyingi zinashindana, kila moja na utabiri wake. Anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyekisia magari mengi kuliko wote, maana ndiye anayeweza kutoa dau kubwa. Hakuna haja ya mtu kusema uongo. Mchujo wenyewe unamchagua aliyekosea kwenda juu.

#23 Njiapanda ya Himo
Hii ya zabuni nimeipenda sana. Asante mkuu.

#24 Msafiri wa Gongo la Mboto
Naunga hapo kwa kisa. Niliwahi kufanya kazi chini ya mshauri mmoja, simtaji. Ukuaji wa magari tulioupata kwenye data haukutosha kuufanya mradi ulipe. Nikaambiwa niuangalie upya. Hakuna aliyesema danganya. Nikaleta ule ule. Nikaambiwa nitumie ukuaji wa uchumi wa taifa badala ya usajili wa magari wa mkoa. Namba ikapanda, mradi ukapita. Kila hatua ilikuwa na hoja yake kwenye karatasi. Programu haikuguswa hata kidogo, iliguswa safu moja kwenye jedwali la kuingizia.

#25 Mpiga Debe Mstaafu
Ndicho nilichouliza namba 15.

#26 Jirani wa Buruburu
Kuna njia nyingine lakini. Huku Nairobi wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu na simu mkononi wakirekodi njia na vituo, mradi wa Digital Matatus, pamoja na MIT na Columbia. Ramani ikatoka 2014, njia zaidi ya 130, data wazi kwa yeyote. Mwaka uliofuata ikaingia Google Maps. Haitabiri kitu, lakini kabla yake hata mtaalamu mwenye leseni ya ghali alikuwa hana mtandao wa matatu wa kuuingiza kwenye modeli. Alikuwa anakisia kisha anapamba.

#27 BintiPwani
Mdogo wangu anasoma mipango miji mwaka wa tatu, ananiuliza kuna programu ya bure ajaribu Morogoro Road?

#28 Fundi Sanifu
@BintiPwani SUMO, ya taasisi ya anga ya Ujerumani DLR, iko wazi tangu 2001. Inaendesha gari moja moja, kwa hiyo foleni ataiona ikirudi nyuma. MATSim pia ni ya bure, inamfuata mtu siku nzima kuanzia anapotoka nyumbani, ila inataka uvumilivu na Java. Kwenye SUMO mwambie awashe mpangilio unaoruhusu vyombo viwili kukaa sambamba kwenye njia moja. Asipouwasha, bodaboda itasubiri nyuma ya lori kama basi, na matokeo yote ya Morogoro Road yatakuwa ya mji mwingine. Na njia ya mwendokasi aiwekee ruhusa ya mabasi yake peke yake.

#29 Mpiga Debe Mstaafu
Na bajaji aziwekee safu yake.

#30 Njiapanda ya Himo
@Mzee wa Mizani turudi kwako. Kama programu ilikuwa ngao ya mwenye fedha, nieleze Crosstown, barabara ya kasi iliyopangwa Chicago. Ilikuwa na utabiri, ilikuwa na fedha za serikali kuu, ilikuwa na meya nyuma yake miaka mingi. Ikafutwa 1979. Ngao ilikuwa wapi?

#31 Mzee wa Mizani
Utabiri siyo ulioizuia. Waliobadilika ni wakazi waliokuwa wabomolewe, na wapiga kura. Umenipa mfano wa barabara iliyozuiwa na watu. Nipe mmoja tu wa barabara kuu iliyozuiwa na programu.

#32 Mtetezi wa Namba
Hapo niachie mpaka jioni. Ninayo Portland ya Oregon, barabara ya mchepuko ya Western Bypass, miaka ya 1990. Wananchi wenyewe waliagiza modeli yao ya ardhi na usafiri, wakaipambanisha na ya wakubwa, na barabara haikujengwa.

#33 Mzee wa Mizani
Modeli ya wananchi. Iweke kwa kirefu, nitaisoma neno kwa neno.